Kalamu Nene ya Baba

Bibi harusi aliishika kalamu, akaiinamisha juu ya karatasi, kisha akairudisha mezani bila kuandika hata herufi moja.

“Ni nene mno,” alisema. “Nitaharibu.”

Kalamu yenyewe ilikuwa ya baba yake: nyeusi, ya wino wa kujaza, nene kama mpini wa nyundo. Mzee alikuwa na viganja vipana, na kalamu nyembamba hakuwahi kuziheshimu. Aliziita njiti za meno. Binti yake alikuwa kinyume. Kazi yake ilikuwa kuandika majina kwa mkono kwenye vyeti vya wahitimu, na alipenda kalamu nyembamba, ile ambayo ukiishika unaisahau. Kwa miaka mingi baba na binti walitaniana juu ya jambo hilo. Leo hakuna aliyecheka.

“Mama, saini tu,” mzee alisema taratibu. “Leo haondoki mtu humu bila kusaini.”

Kaka wa bibi harusi, aliyeitwa Nondo kwa sababu ya mikono yake migumu kama chuma, alikuwa ameegemea mlango wa ofisi ya msajili wa ndoa kama mlinzi wa benki. Simu ya bwana harusi ilikuwa mfukoni mwa Nondo, eti isije ikalia katikati ya kiapo. Bwana harusi, fundi simu mwembamba asiye na maneno mengi, alikaa ameinamisha kichwa. Feni ilizunguka juu yake, lakini jasho lilikuwa limeilowesha kola.

Shangazi mtu, dada wa mzee, aliketi pembeni kama shahidi, roho juu. Jana jioni alimsikia Nondo akimwambia mzee barazani, “Kesho tutamfikisha pale hata kwa kumbeba.” Muda si mrefu binti alijifungia chumbani, akalia mpaka sauti ikamkauka. Na harusi yenyewe ilikuwa imepangwa harakaharaka, hakuna kadi, hakuna sare, majirani hawana habari. Shangazi hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Msajili alitoa kalamu yake ya kawaida. Bibi harusi akaijaribu pembeni mwa gazeti lililokuwa mezani, akasema inakwaruza. Kalamu yake mwenyewe, alisema, ilikuwa nyumbani, kwenye droo ya meza yake ya kazi. Kama kaka angeifuata kwa gari, angesaini mara moja.

Nondo hakusogea. Alimtazama baba yake, akatazama viti viwili vya maharusi, akamtazama tena baba yake.

“Nenda,” mzee akasema. “Mimi nipo.”

Nondo alipoondoka, msajili alifunga jalada lake, akasema kuna wengine wanasubiri na yeye hawezi kukaa hapo kuchagua kalamu. Akahamia chumba cha pili na karatasi zake. Mzee aliinuka kumfuata, akimbembeleza asiwaondoe kwenye foleni. Mlangoni aligeuka, akawaonya wote kwa kidole, kisha akatoka. Sauti yake ilisikika upande wa pili wa ukuta, ikiomba na kuamrisha kwa pamoja.

Walibaki watatu. Bibi harusi akamgeukia bwana harusi.

“Ng'ambo ya barabara kuna duka la vifaa vya kuandikia,” alisema. “Nitafutie kalamu.”

Bwana harusi aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. “Ya namna gani?”

“Nyembamba kabisa. Kama hapo hawana, nenda duka la mbele. Kama na mbele hawana, endelea kwenda.”

Bwana harusi alimtazama usoni. Kisha akainuka na kutoka kwa hatua za mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Walisikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Shangazi hakupoteza hata nukta. Alivuta pazia lililokuwa kando ya kabati la mafaili, na nyuma yake kulikuwa na mlango wa kutokea kwenye ngazi za wafanyakazi. Alikuwa ameuona tangu walipoingia, akausogezea kiti chake. Akaondoa komeo. Moyo ulimpiga hata akaogopa mzee asije akausikia ukutani.

“Inuka, mwanangu,” alinong'ona. “Vua viatu, hivyo vitapiga kelele. Kuna teksi nyuma, nimezungumza na dereva. Utakaa kwangu. Baba yako niachie mimi, tumenyonya ziwa moja, najua pa kumshika.”

Bibi harusi hakuinuka.

“Watarudi sasa hivi! Umefanya kazi yote hii ya kuwatoa mmoja mmoja, halafu unakaa?”

Bibi harusi alikuwa anatazama dirishani. Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania ukingo wa meza. Shangazi akasogea, akatazama alikotazama yeye. Chini barabarani, bwana harusi alikuwa ameshalipita duka la vifaa vya kuandikia. Alilipita na la mbele yake. Kwenye kona aligeuka kuangalia nyuma mara moja tu, kisha akaanza kukimbia.

Bibi harusi alingoja mpaka alipopotea kabisa.

“Funga huo mlango, shangazi,” alisema. “Waliyemleta kwa nguvu ni yule. Mimi ningesaini hata kwa ufagio.”