Waya wa Uani

Tangu redio za nchini zikatazwe kutangaza vifo, ati zisituhuzunishe, mume wangu Mhina hatulii. Ameunga kijisanduku kinachopandisha mawimbi ya redio ya masafa mafupi hadi kompyuta iweze kuyanasa, anatafuta stesheni ya ng'ambo inayotusomea tanzia za kwetu. Antena yake ni waya alioufunga uani, palipokuwa na kamba yangu ya nguo.

"Mwajabu, umeanika tena kanga mbichi kwenye waya. Nasikia mikwaruzo tu."

"Nirudishie kamba yangu basi. Wiki nzima unanisumbua kwa maiti za watu."

Nikazianua kwa hasira. Sauti ikatoka safi, ikamtaja Bi Zaina Shekiondo wa Muheza. Mama yangu. Amezikwa Jumanne, mwanawe Mwajabu alisubiriwa hadi alasiri, hakutokea.