Usikate Simu

Mama Celestina alifika kwenye kibanda cha Modesta simu ikiwa sikioni, akapenyeza noti dirishani pamoja na kikaratasi chenye namba. Namba ni ile ile ya wiki iliyopita, na ya wiki ile nyingine.

"Shikamoo, mama."

Aliitikia kwa kichwa. Ndani ya simu ilisikika sauti ya kijana mchangamfu aliyejiita Masele, anaeleza habari za pikipiki ya ushindi, za ofisi ya zawadi, za ada ya usajili iliyobaki kidogo tu. Mama Celestina alikuwa anamjibu "mm," na "mm," basi. Usoni hakuwa na furaha ya mtu aliyeshinda pikipiki, wala wasiwasi wa mtu anayeibiwa. Hakuwa na chochote.

Modesta alikuwa na miaka sita pale Mabatini akifanya kazi ya uwakala wa pesa za simu, na matapeli wa zawadi aliwajua nje ndani. Wanapiga kwa namba ya kawaida kabisa. Wanakupa ushindi wa bahati nasibu ambayo hukuicheza. Wanataka utume hela kwanza ndipo upewe zawadi. Halafu wanakukataza kukata simu mpaka umalize kutuma, maana wanajua ukikata tu akili inakurudia.

"Mama, kata kwanza hiyo simu."

Mama Celestina aliiziba kwa kiganja, akanong'ona, "Amesema nisikate."

"Sasa huo ndio wizi wenyewe."

"Tuma, mwanangu. Ila usiharakishe."

Modesta alituma, kwa sababu hela ni za mwenyewe na hana mamlaka ya kuzizuia. Lakini roho ilimuuma. Mama Celestina alibaki amesimama mbele ya kibanda, jua linampiga utosini, akisikiliza. Ilipita robo saa nzima mpaka yule kijana alipokata mwenyewe.

Kesho yake asubuhi Modesta akapigiwa na Celestina mwenyewe, binti anayekaa Kiseke.

"Dada, nisaidie. Tangu nimhamishie hapo baada ya msiba wa mwaka juzi, mama hayuko sawa. Laini ya simu amebadilisha, ndugu hawapigii, haongei na mtu. Sasa nasikia anatafuta mteja wa cherehani. Anaishi kwa kushona sare za shule, dada. Akiuza ile cherehani atakula nini?"

"Haitauzwa," alisema Modesta, na alimaanisha.

Alhamisi, saa sita mchana, cherehani ikaletwa juu ya mkokoteni, imefungwa kamba kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mama Celestina alikuwa nyuma yake anatembea polepole.

"Nitafutie mteja leo leo," alisema. "Yule kijana atapiga saa nane."

Modesta alikuwa amejiandaa. "Lete simu nikuangalizie salio kwanza."

Ulikuwa uongo, lakini uongo wa heri. Alifungua orodha ya simu zilizopigwa, na hapo nusura acheke. Namba ile ilikuwa imehifadhiwa vizuri kabisa, kwa jina.

"Huyu si alikwambia anaitwa Masele, wa kitengo cha zawadi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mbona hapa umeandika Jovinary?"

Modesta hakungoja jibu, kwa sababu tapeli mwenye majina mawili hakuwa jambo geni kwake. Aliizuia namba isiingie tena kwenye simu ile, kisha akaifuta. Halafu akachukua simu yake mwenyewe, akafungua daftari lake la kazi, akairipoti namba hiyo kule zinakoripotiwa namba za matapeli, na tarehe zote tatu za miamala akaziweka.

"Nimekuondolea mzigo, mama. Hatakupigia tena."

"Saa nane?"

"Si saa nane wala siku nyingine."

Mama Celestina alikaa kwenye benchi la wateja. Hakulia, hakugomba, hakuulizia tena cherehani. Aliiweka simu mapajani, akaitazama mpaka saa nane ikapita, na saa tisa nayo. Modesta alimnunulia soda, ikapata joto bila kuguswa. Hata hivyo alifunga kibanda siku ile akiwa na furaha, akamwambia Celestina cherehani ipo salama.

Jumatatu Mama Celestina alirudi. Safari hii hakuwa na noti mkononi.

"Ile namba bado ipo kwenye daftari lako?"

"Ya nini tena, mama?"

"Nisomee. Sitatuma hela."

Modesta aliona heri amalize kazi mara moja. Aliipiga namba ile kwenye simu yake, akaweka sauti ya nje ili mama asikie kwa masikio yake. Sauti ya mwanamke wa mtandao ikasema namba hiyo haitumiki.

"Umesikia? Wameifunga kabisa. Hata akina mama wengine wamepona."

"Nimesikia."

"Ile pikipiki haikuwepo, mama."

"Nilijua," alisema Mama Celestina. "Tangu siku ya kwanza nilijua."

Modesta alimtazama. "Sasa ulikuwa unatuma za nini?"

Mama Celestina alikunja kikaratasi kitupu alichokuja nacho kuandikia namba, akakunja tena, mpaka kikawa kidogo kama punje.

"Mtumbwi ulipozama mwaka juzi, mwili wa mwanangu Jovinary haukuonekana, tukazika mgomba badala yake," alisema. "Wiki tatu hizi alikuwa ananipigia, hajui kwamba ni mimi."