Kutu Chini ya Antena

“Mama Luhende, zima hiyo redio ya upepo! Tamthilia yangu yote kwenye televisheni imekuwa mikwaruzo!” nilimpigia kelele jirani yangu.

“Sizimi! Mwanangu ananiita humu!”

Siku ya tatu hiyo anashinda ndani ya pikapu yake yenye redio hiyo ya mawasiliano, kipaza sauti mkononi, akimwita Luhende, aliyeondoka na lori la tumbaku njia ya Usinge mvua zikinyesha. Huko msituni simu hazishiki.

Nikaona heri nimtengenezee, yaishe. Chini ya antena, waya wa ethi, ule unaoiunga antena na bodi ya gari, ulikuwa umelegea, umeota kutu. Nikaukwangua kwa kisu changu cha jikoni, nikaikaza nati.

Mikwaruzo ikakatika. Sauti ya mwanamume, si ya Luhende, ikaingia safi, kama yuko mlangoni.

“Mama, shikamoo. Tunakuita tangu jana. Lori tumelivuta kutoka mtoni. Luhende hatukumuwahi.”

Hakulia. Aliinama, akaokota vumbi lile jekundu la kutu, akaniwekea kiganjani.

“Jirani, irudishe hii kutu.”

Nikaufumba mkono. Ndani kwangu televisheni ilikuwa inaongea vizuri kabisa.

“Twende kwangu,” nikamwambia. “Mlenda umeiva. Njoo ule, hata tonge moja.”