Unyoya wa Korongo

Maradhi ya macho yaliingia bondeni kwa wanyama, na Akida Kiboko akamtuma Korongo, ambaye hakujua uvivu, atafute yametoka wapi. Korongo akaenda nyumba kwa nyumba. Mgonjwa na mzima, wote aliwafunua kope kwa ncha ya unyoya wake mmoja. Lakini kadiri alivyokagua, ndivyo wagonjwa walivyozidi, naye asielewe kwa nini.

"Basi ni Digidigi," akasema mwishowe. "Mtoto wake ndiye aliyeanza kuumwa."

Kiboko akaamuru mama na mtoto wavushwe ng'ambo ya mto, kwenye fisi.

"Bwana Akida, mtoto haoni, ataliwa," Digidigi akasema. "Waulize kwanza hawa wenzangu: kabla ya kuumwa, nani aliingia kwao?"

Wanyama wakatazamana kwa macho mekundu.

"Kwangu alikuja Bwana Korongo," akasema Nguchiro. "Nilikuwa mzima wa afya. Akanipima."

"Na mimi," akasema Pimbi. "Unyoya ulikuwa na majimaji, ila niliona haya kumwambia mkubwa."

Korongo akautazama unyoya wake. "Mungu anisamehe. Sasa siku zote hizi nilikuwa namfuata nani?"

Kiboko, aliyepimwa asubuhi ile, akaanza kufikicha jicho.

"Mama Digidigi," akasema polepole, "rudi nyumbani na mtoto."

Nawe unayenisikiliza, ukitoka kwa mgonjwa mmoja, tafadhali nawa kabla hujaingia kwa mwingine.