Wengi ni Wake

Katika miaka ile, mtu aliyenenepa kupita kiasi hakuambiwa apunguze chakula. Alibadilishwa bakteria wa tumboni. Bi Tunu wa Chumbageni aliahirisha mpaka ngazi zikawa zinamkata pumzi, ndipo bintiye Siwema akamshika mkono wakaenda kliniki.

"Si ulafi, mama," nesi alimwambia. "Bakteria wako wanavuna nguvu nyingi mno kwenye kila tonge, kisha wanadai jingine."

"Nimekula sinia moja na marehemu mume wangu tangu ujana. Naye alikuwa nao hawa?"

"Wanaokula pamoja huambukizana. Bila shaka wengi ni wake."

Bi Tunu akakitazama kikombe cha dawa yenye bakteria wapya. "Basi Hemedi bado yumo humu."

"Mama, tafadhali." Machozi yalimlenga Siwema. "Baba tumeshamzika. Na wewe nikuzike?"

Akanywa.

Mwili ulipungua kweli, na ngazi akazipanda kama mwari. Lakini alasiri, wakati ambao Hemedi alizoea kuulizia chai na visheti, tumbo lake lilinyamaza. Alivitafuna visheti kwa kujilazimisha, akimsubiri mumewe, wala hakuja.

Kisha siku moja akajikuta anatamani mlenda, chakula ambacho Hemedi hakutaka hata kukiona mezani. Siwema akaupika, akafurahi kumwona mama yake akilamba vidole.

"Siwema," Bi Tunu akauliza polepole, "hawa bakteria wapya walitoka kwa nani?"

 Kisha akasogeza sahani, aongezewe.