Maelezo ya Kitufe

Mashine ya akili bandia iliyokuwa ikiwawekea wagonjwa miadi ya hospitali mtandaoni, bosi alitaka zana yake ya kubofya ipewe maelezo ya mstari mmoja tu: "Zana hii hubofya kitufe." Juzi mashine ilisoma hayo hayo, ikabofya "Futa miadi", na wajawazito kumi na wawili wakarudishwa getini.

Mwanaidi, mwandishi wa maelezo hayo, aliandika upya: "Usibofye 'Futa miadi' kabla hujamuuliza mgonjwa mwenyewe."

"Yaondoe hayo," bosi alisema. "Mashine ina akili kutuzidi."

"Ni mgeni hapa, bosi, na mgeni kipofu ingawa ana macho. Wenyeji ni sisi."

"Yaondoe, au uondoke wewe."

Mwanaidi alisimama, akautia mkoba begani. Kisha akaiinamia kibodi, bosi akimtazama, akaongeza mstari wa pili: "Hata bosi akikuamuru."