Vijiti Saba vya Machibya

"Vijiti visivyosikia hivi!" Milembe akasonya. Akachomoa kimoja, akakikagua kitako, akakichomeka tena. Si mzizi, si kukauka. Wiki ya sita hiyo.

Vijiti vya waridi vililetwa ndani ya gazeti bichi na Machibya, mnunuzi binafsi wa pamba. Tangu soko huria lifike Bariadi, wanunuzi walijaa kama kumbikumbi. Huyu aliona pamba haimtoshi, akamchumbia Milembe pia. Siku ile uani lilitangulia gari, likafuata tumbo, mwenyewe akaja mwisho.

Mzee Mahona, baba yake Milembe, hakutaka kuamua peke yake.

"Vipandwe hapa kwangu," alisema. "Siku soko la pamba likifunguliwa, mgeni aje. Akikuta hata kimoja kimechipua, wahenga wamekubali, alete ng'ombe. Vikifa vyote, akapime pamba yake." Mlezi awe Milembe mwenyewe.

Na alivilea, jamani! Kwanza alivilaza kivulini siku tatu.

"We, hayo mawaridi au marando ya viazi?" jirani yake Esteria akamcheka.

"Marando yasiponyauka hayashiki."

"Haya, fundi!"

Akavimwagia majivu ndoo nzima. Siku moja akasahau kufunga lango, mbuzi wakala vinne. Viwili vikaoza. Kila alfajiri, kuku hawajashuka, yeye keshamwagilia, na hakutaka msaada wa mtu.

"Mwanangu, pamba unaiweza," baba alilalamika. "Kijiti ndiyo kikushinde?"

"Kinanishinda, baba," Milembe akasema.

Siku moja kabla ya soko, mama akapiga kigelegele uani. Kijiti kilichobaki kilikuwa kimetoa chipukizi jekundu, dogo kama kichwa cha kiberiti. Milembe akapiga magoti, akalitazama, machozi yakamtoka.

"Lia tu, mwanangu, hata furaha huliza," baba akacheka, akapanda baiskeli kwenda kumpelekea Machibya habari. "Kesho anakuja kujionea!"

Milembe akajifuta uso, akaingia jikoni, akachochea kuni. Siku zote maji ya kumwagilia waridi aliyaepua yakianza kutoa mvuke. Leo angeyaacha yachemke mpaka mfuniko uruke.